Vipimo vya Karani

Kwanza nilidhani ni jirani.
Saa tisa usiku, mtaa wa Shabab,
sauti kavu, kama mkasi butu
unaolazimishwa kukata jinzi.
Nikawasha taa. Karani alikuwa katikati ya vitambaa,
shingo mbele, miguu ameitanua,
anatapika hewa tupu.
Alipomaliza akanitazama
kama mtu aliyekuvunjia kikombe.

Hiyo ilikuwa Februari, Nakuru vumbi tupu.
Daktari Cheruto akamwekea chuma kifuani, akasikiliza,
akamfungua kinywa, akachungulia.
Mapafu safi. Moyo safi.
Dawa ya minyoo, kisha vidonge vya siku kumi.
Nikavificha ndani ya tonge la ugali.
Siku ya kumi na moja, nikifagia nyuma ya cherehani,
nilivikuta vinne, vimelambwa vikang'aa.

"Anakohoa lini?" akaniuliza daktari.
"Akila? Akikimbia? Mara ngapi kwa usiku?"
Sikuwa na jibu.
Mimi, ninayejua kiuno cha mtu akiwa bado ng'ambo ya barabara.

Basi daftari la wateja likapata mteja mpya.

*Wafubwa, suruali. Kiuno 38, urefu 41.*
*Karani: saa tisa na robo, mara kumi na moja.*
*Sare ya mtoto wa Nekesa. Bega 13, acha pindo, anakua.*
*Karani: saa kumi, mara nne. Kanywa maji.*
*Bi Kemunto, gauni. Asibadilishe mawazo tena.*
*Karani: hakuna. Mvua ilinyesha.*

Bi Kemunto alisema ni mfupa wa samaki.
Askari wa lango alisema ni jicho la mtu.
Muuza makaa alisema asali na tangawizi;
Karani alilamba asali, tangawizi akaniachia.

Nikashuku kazi yangu mwenyewe,
nyuzi zinazoelea kwenye jua la dirishani,
manyoya ya sufu, chaki.
Nikamhamishia barazani wiki nzima.
Akakaa nje ya kioo akinikodolea
kama mwenye suti iliyoahidiwa Ijumaa.
Akakohoa huko huko.

Nikashuku kola. Nikaikata.
Nikampima kifua, inchi ishirini na nane,
nikamshonea kisibao cha kamba kutoka mabaki
ya suti ya bwana harusi, yenye mistari,
na bitana ndani.
Watoto wa ploti wakamwita Mheshimiwa.
Mheshimiwa akakohoa.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua.
Lakini huyu hajaficha kitu!
Anatangaza kila usiku, mtaa mzima unasikia,
na bado hakuna ajuaye anachotangaza.

Julai nilizipanga kurasa mezani kama vipande vya koti,
baridi hapa, vumbi pale, siku za nyama, siku za dawa.
Nikavigeuza, nikavikutanisha bega kwa bega.
Havikushonana.
Daktari naye aliinua mikono:
"Fundi, imebaki picha ya kifua, Kabete."
Picha na nauli ni suti sita na nusu.
Kopo la vifungo sasa lina noti chini ya vifungo.
Nimefika suti ya pili.

Halafu juzi nikaamshwa na kimya.
Saa tisa, tisa na robo, na nusu.
Nilijiambia nifurahi. Miguu ikakataa,
ikanishusha kitandani, gizani,
nikapapasa kati ya mabunda ya kitambaa
hadi kiganja kikatua juu ya mbavu zenye joto
zinazopanda,
zinazoshuka.
Akafungua jicho moja, akaona ni mimi,
akakohoa.

*Karani: saa kumi kasoro, mara moja.*
*Wafubwa hajachukua suruali.*